Ishirini na Tisa za Tikolo

Mjomba wangu alikaa wiki tatu bila kunisemesha kwa sababu ya Steve Tikolo. Si masihara. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nasoma takwimu, na ile elimu ndogo ilikuwa imenipanda kichwani. Jumapili moja nikamwendea kwake Pangani na karatasi niliyoichapisha mwenyewe: majina ya wapigaji wa kriketi, yamepangwa kwa wastani. Tikolo, ambaye mjomba alimsifu tangu nikiwa mtoto, hakuwemo kwenye ukurasa wa kwanza. Wala wa pili.

"Wastani wake wa mechi za siku moja haufiki thelathini," nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayemfunza mzee kusoma. "Kwa hesabu, mjomba, huyu ni wa kawaida tu."

Akaikunja karatasi, akaiweka chini ya kikombe cha chai. Kisha akauliza: "Hizo hesabu zako zinajua alikuwa anacheza na nani?"

Nikacheka. Nadhani kicheko ndicho kilichomuudhi kuliko hesabu yenyewe.

Kwa msiofuata kriketi: wastani wa mpigaji hupatikana kwa kugawanya mikimbio yake yote kwa idadi ya mara alizotolewa. Basi. Na kuna mtu mmoja ambaye kipimo hicho kinamtosha kabisa. Don Bradman wa Australia alipata mikimbio 6,996 katika mechi za Test, zile za siku nyingi, akatolewa mara 70. Gawanya: 99.94. Agosti 1948, jijini London, alihitaji mikimbio minne tu ili astaafu na 100 kamili, lakini Eric Hollies akamtoa kwa mpira wa pili, mkono mtupu. Hata hivyo wanaomfuata wako kwenye sitini na kidogo. Pengo la namna hiyo halina mjadala.

Ukishuka hapo ndipo mambo yanapoharibika. Adam Voges, Mwaustralia pia, ana 61.87 kwa mechi 20. Sachin Tendulkar alicheza mechi 200, ana 53.78. Brian Lara, aliyewapiga Waingereza 400 bila kutolewa mwaka 2004, ana 52.88. Sasa nani atakuambia kwa uso mkavu kwamba Voges aliwapita hao wawili? Karatasi yangu ilisema hivyo, na mimi nikaiamini. Tikolo kwenye orodha ya Test hayumo hata kwa bahati mbaya, maana Kenya haikuwahi kupewa hadhi ya kucheza mechi hizo.

Miaka ikapita. Nilishaajiriwa, kazi yangu ni kukesha na majedwali, na usiku mmoja badala ya kumaliza ripoti nikafungua alama za mechi ya Pune, India, ya tarehe 29 Februari 1996. Kombe la Dunia, Kenya na West Indies. Kila Mkenya wa rika langu anajua tulishinda, ila sikuwahi kuisoma mstari kwa mstari.

Kenya walitolewa wote kwa 166. Kati ya hiyo, 37 ilikuwa ya ziada, yaani ile ya bure inayotokana na makosa ya wapinzani. Hakuna Mkenya aliyeifikia. Aliyekaribia ni Tikolo, 29. West Indies wakaingia, Lara wao, mwenye rekodi ya dunia ya 375 wakati huo, akaondoka na 8. Timu nzima 93. Hakuna hata mmoja wao aliyefika 20.

Nikaisoma tena. Siku ile, pande zote mbili, hakuna mpigaji aliyezidi 29. Na kwenye jedwali langu la chuoni 29 ile haikumsogeza Tikolo popote, kwa sababu inakaribiana na wastani wake. Siku sita baadaye, mjini Kandy, aliwapiga Sri Lanka 96. Hiyo ndiyo iliyompandisha, na Kenya walishindwa vibaya, kwani Sri Lanka walikuwa wamepata 398.

Jumapili iliyofuata nikaenda Pangani na karatasi nyingine. Nilikuwa nimetoa zile 37 za bure, zikabaki 129 walizozitafuta Wakenya wenyewe, na nikaonyesha kwamba zaidi ya moja ya tano ilitoka kwa mtu mmoja. Nilisema pia samahani, ingawa niliisema haraka, nikiwa naangalia dirishani.

Mjomba akaomba miwani. Akasoma polepole, kidole kwenye kila jina, akafika kwa Lara akatabasamu. Kisha akanirudishia.

"Umekosea," akasema. "Mechi hii aliishinda Odumbe. Wiketi tatu kwa mikimbio 15. Hapa umemwandika wapi?"

Sikuwa nimemwandika. Karatasi ilikuwa ya wapigaji tu.

"Leta kalamu," akasema, akasogeza kikombe pembeni.