"Ndiyo" ya Bosi Haikulipa Maembe

Wasee, nikisema niliwahi kuwa meneja wa bidhaa kule Wote, watu hunicheka. Niliacha chuo mwaka wa pili, nikarudi Kitui kwa mwaitu, na miezi michache baadaye nikawa na cheo. Kampuni yenyewe ilikuwa ndogo, watu tisa tu. Tulinunua maembe kwa wakulima wa Makueni, tukawauzia watengenezaji wa juisi. Mimi nilipewa mfumo wa simu: mkulima anatuma ujumbe kwamba maembe yameiva, lori linakuja, analipwa kwa M-Pesa.

Nikaongeza wazo langu: alipwe siku hiyohiyo. Si unajua broka huja na noti mkononi? Ndiyo maana anataja bei ya kuchekesha na mkulima anakubali. Nikamwonyesha bosi slaidi zangu sita. Akasema mbele ya kila mtu, "Hii tuianze Jumatatu." Usiku huo hata usingizi sikupata kwa furaha.

Mama wa uhasibu alikuwa kwenye mkutano huo. Hakusema neno. Nikadhani amekubali.

Ilikuwa Januari, wiki ya kufungua shule. Lori likabeba kreti kutoka Kathonzweni, wakulima wakapata ujumbe nilioandika mimi mwenyewe: utalipwa leo. Jumanne, hakuna kitu. Jumatano mama mmoja akaja ofisini na bodaboda. Kijana wake alikuwa bado nyumbani, karo haijalipwa. Broka alikuwa amemfukuza kwa sababu ya ujumbe wangu. Hakupiga kelele. Aliuliza tu nani aliandika ile kitu. Nikasema ni mimi, mwaitu.

Nikakimbilia uhasibu. "Mwanangu, hiyo ahadi uliiweka na nani?" Kumbe mnunuzi wa juisi hutulipa Alhamisi. Kumbe kila malipo yanataka sahihi mbili, na mwenye sahihi moja hushinda Nairobi hadi Ijumaa. Mambo ya kuuliza dakika tano kwa chai! Na miezi yote hiyo nilipita mezani pake na "habari ya asubuhi" basi.

Baadaye nilisoma jinsi M-Pesa yenyewe ilivyoanza, nikajiona siko peke yangu. Majaribio yalianza Oktoba 2005, wateja wa Faulu wakilipa mikopo kwa simu. Susie Lonie wa Vodafone ndiye alikuwa akiyasukuma huku Kenya. Simu zilifanya kazi, lakini kulinganisha malipo hayo na vitabu vya Faulu kukawa kichwa kuuma. Na wateja, nao, walikuwa wakitumiana pesa wenyewe kwa wenyewe. Safaricom ilipozindua huduma Machi 2007, mambo ya mikopo yaliwekwa kando, ikabaki kutuma pesa. Ona, kilichowaonyesha njia ni vitabu na wateja. Mkubwa kusema sawa ni mwanzo tu.

Basi nikabeba kiti changu hadi uhasibu, nikakaa huko wiki nzima. Nikaenda pia na dereva wa lori hadi Mbooni, nikajua kwa nini hachukui simu akiwa kwenye ile milima. Niliporudi kwa bosi sikuwa na slaidi. Nilikuwa na karatasi moja na njia mbili: tuseme ukweli kwamba malipo ni Ijumaa, au utenge shilingi elfu themanini za kulipa papo hapo kila wiki. Mama wa uhasibu alikuwa kando yangu, hesabu zilikuwa zake. Bosi akasoma dakika mbili, akachagua Ijumaa.

Mimi nilitaka ile nyingine, na hadi leo naona alikosea. Lakini alijua anachagua nini, na wakulima wakaambiwa siku ya kweli. Wengine walirudi kwa broka.

Yule mama wa Kathonzweni alilipwa Ijumaa hiyo, kijana akaenda shule akiwa amechelewa wiki. Msimu uliofuata nilimpigia simu. Akaniuliza ni siku gani. Nikamwambia Ijumaa. Akasema atafikiria.