Hii ni Nini?

Nipo Iringa. Leo siandiki habari za vikao wala bajeti ya halmashauri. Nimekaa na daftari langu la michoro, kauntabuku ya kwaya mbili niliyonunua Miyomboni, ile yenye gamba gumu, na nimeamua kuyatoa yaliyomo humo kabla sijayasahau. Humo hamna sura za watu wala nyumba wala twiga. Kuna mistari, madoa, miraba iliyopishana, na pembeni maneno machache niliyojiandikia mwenyewe. Wenye elimu yao wanauita uchoraji wa dhahania, wengine wanasema abstrakti. Mimi nimekuwa nikisema "vitu vyangu" tu, kwa sababu ya woga.

Woga wenyewe una historia.

Miaka mitatu iliyopita, nyumbani Mbeya, vijana sita tulichangishana tukakodi ukumbi mdogo, tukatundika picha zetu kwa siku mbili. Yangu ilikuwa kubwa kuliko zote. Niliichora kwenye hadibodi kwa rangi ya mafuta, hii hii ya kupaka milango: kijivu, bluu iliyokolea, na wekundu wa tofali la kuchoma uliopita katikati. Niliifanyia kazi miezi miwili. Sikuwa na kitu kichwani nilichokuwa nakiiga. Nilikuwa natafuta namna kijivu kinavyoweza kukaa karibu na wekundu bila kugombana nao, na siku nilipokipata nilijisikia kama mtu aliyelipwa deni la zamani.

Siku ya pili alikuja baba. Baba amefanya kazi TAZARA mpaka akastaafu, ni mtu ambaye ukimpa kitu anakigeuza kwanza kuona nati zake zimefungwa wapi. Alikuja na koti lake la baridi na kofia. Alizunguka ukumbi wote taratibu, akafika kwenye yangu, akasimama. Alisimama muda mrefu sana. Wenzangu wakaanza kunitazama.

"Hii ni nini?" akauliza.

Sasa jamani, nilikuwa na hotuba. Nimesoma, nina maneno. Ningeweza kumwambia kuhusu rangi na nafasi na hisia. Lakini nilimtazama yule mzee na kofia yake mkononi nikasema, "Ni Loleza, baba. Jua likizama."

Uongo mtupu. Baba akatikisa kichwa, uso wake ukafunguka. "Enhee," akasema. "Naona."

Picha haikununuliwa. Baba akaibeba mwenyewe juu ya bajaji akaitundika sebuleni, na tangu siku hiyo hakuna mgeni anayeondoka bila kuonyeshwa. Hapa ndipo jua linapoingia. Hapa chini ni Kabwe. Sisi tupo hapa, kwenye hiki kidoa. Siku ya kwanza nilipoiona ukutani nikagundua jambo jingine: ilikuwa imelala kwa ubavu. Mimi niliichora ikiwa imesimama wima. Ili ipate kuwa mlima, ilibidi ilazwe. Nikanyamaza, nikaendelea kunywa chai.

Baadaye nilisoma kwamba Kandinsky, yule Mrusi anayehesabiwa miongoni mwa wa mwanzo kabisa kuchora dhahania kule Ulaya, aliwahi kuingia chumbani kwake Munich jioni akakuta picha ya ajabu yenye mng'ao asioweza kuutaja. Kumbe ilikuwa ni yake mwenyewe, imeegemezwa kwa ubavu. Kesho yake, kwenye mwanga wa mchana, alipoijua kuwa ni picha ya kitu fulani, ule uzuri haukurudi. Yeye aliondoa jina akapata picha. Baba yangu aliipa picha jina, kisha akailaza.

Tangu hapo sijachora kitu kikubwa. Kama mtu angenicheka ningeudhika, nikachora kingine. Mimi niliaminiwa, na ndicho kilichonizima.

Ukurasa wa kwanza wa daftari nimeandika swali la baba kwa herufi kubwa: HII NI NINI. Chini yake nimeorodhesha vitu ambavyo hakuna anayeviuliza swali hilo. Cha kwanza ni Kimondo cha Mbozi. Tulipelekwa tukiwa shule ya msingi, wakati huo bado ni mkoa wa Mbeya kabla Songwe haijazaliwa mwaka 2016. Donge la chuma la tani nyingi, limekaa pale Mlima Marengi, lina mashimo na migongo na sehemu laini kama limelambwa. Lingewekwa kwenye jumba la sanaa Ulaya watu wangelipia kiingilio. Sisi watoto tulilipapasa, tukalipanda, hakuna aliyeuliza linafanana na nini. Limeanguka kutoka juu, inatosha.

Nikaenda Igeleke pia, kilomita chache tu kutoka hapa mjini, kwenye ile michoro ya mwambani. Ni myekundu, imefifia. Kuna watu, kuna wanyama, na kuna alama ambazo mimi nilishindwa kuzisoma. Nilikaa chini ya mwamba nikazinakili hizo nisizozijua. Kitu cha ajabu ni kwamba zile za wanyama nilizimaliza haraka. Mnyama ukishamtambua humtazami tena. Alama nisizozijua zilinikalisha saa nzima.

Kule Kondoa, ambako Mary Leakey alinakili michoro mingi mwaka 1951 na UNESCO ikaingiza eneo lile kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, wataalamu bado wanabishana maana yake. Lakini kuna miamba ambayo wenyeji wanaendelea kwenda kufanyia matambiko, na wao hawasubiri wataalamu wamalize. Nimeliandika hilo na kulipigia mstari.

Hapa niseme neno kwa wasanii wenzangu. Nimechoka kusikia kwamba "watu wetu hawajaelimika kisanaa". Mtu huyo huyo anayesema hivyo amezungukwa na dhahania tangu alipozaliwa. Wachongaji wa Kimakonde wana mtindo mzima unaoitwa mawingu, mpingo uliochongwa ukapinda na kutobolewa mpaka hujui kama ni mtu, moshi au upepo. Na jina lake ni zuri kweli. Wingu kila mtu analisoma anavyotaka, hakuna anayekuja kukusahihisha.

Aliyenisaidia zaidi ni Msudani, Ibrahim El-Salahi. Alizaliwa Omdurman mwaka 1930, akapelekwa kusoma uchoraji katika chuo cha Slade, London, akarudi Khartoum mwaka 1957 na ujuzi wote wa Ulaya. Akafanya maonyesho. Watu hawakuvutiwa, hawakurudi. Sasa kijana aliyesoma London angeweza kabisa kuwalaumu watu wa Khartoum. Yeye aliacha kwanza kuchora akaanza kuzunguka nchi, akitazama watu wanapenda nini majumbani mwao. Akakuta nakshi kwenye vyombo na mikeka, na maandishi ya Kiarabu kila mahali. Akaanza kuweka herufi pembeni mwa picha zake, kidogo kidogo, na watu wakaanza kusogea. Baadaye akazivunja zile herufi zenyewe, zikawa maumbo, wanyama, sura. Lakini wakati huo watu walikuwa wameshaingia ndani.

Nilipoyasoma hayo niliwaza kanga. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Huo mji na hilo pindo mara nyingi ni miraba na nukta na maumbo yasiyo na asili yoyote. Umewahi kusikia mtu dukani akiuliza lile umbo ni nini? Anauliza imeandikwaje. Yale maneno ndiyo mlango.

Huyo El-Salahi alikamatwa mwaka 1975, akakaa gerezani miezi sita na zaidi bila kufikishwa mahakamani. Kuchora kulikatazwa. Alichora kwa siri kwenye vipande vya karatasi na kuvifukia mchangani askari walipokaribia. Alipotoka alikaa akachora daftari zima la gerezani, michoro na maandishi kwa wino mweusi. Mimi mwenye kauntabuku yangu na uhuru wangu wote naogopa swali la mzee mstaafu. Tuendelee.

Wiki iliyopita nilikata tiketi kwenda Mbeya, na safari hii nilikuwa nimeamua kumwambia baba ukweli. Basi likapita Mafinga, tukaingia ile misitu ya misonobari ya Sao Hill. Kama umewahi kupita unajua: miti imepandwa kwa mistari, na gari likiwa kwenye mwendo mistari inafunguka na kujifunga kama kurasa. Nikatoa daftari nikaanza kuchora kule kufunguka, bila miti yenyewe. Pembeni yangu alikaa mama mmoja aliyepandia Mafinga, kikapu cha milulu mapajani.

"Unachora nini mwanangu?"

"Miti, mama."

Akatazama dirishani, akatazama daftari. "Mbona haina majani?"

"Nimechora mistari yake tu."

"Mistari ya miti," akasema polepole, kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani na hataki kusema chumvi imezidi.

Nikatazama kikapu chake. Kilikuwa kizuri, cha Iringa hasa, kimesukwa kwa mkono, na kukizunguka kuna pembetatu za zambarau zinazopishana na mstari wa kijani uliovunjikavunjika. Nikamuuliza, "Na hizi za kwenye kikapu ni nini mama?"

"Hizi?" Akacheka. "Ni maua tu."

Wadau, hapakuwa na ua hata moja. Nikaandika neno hilo pale pale, MAUA, na mpaka Makambako sikuandika kingine. Sisi tunasema kitenge cha maua hata kama kina miraba mitupu. Mkeka wa ukindu wa Kyela una maua. Vile vyungu vya Wakisi vinavyoletwa na mitumbwi kutoka Ikombe mpaka Matema, vyenye mapambo meupe ubavuni, navyo utasikia vina maua. Tumekuwa na neno la kitu kisichoiga kitu chochote, neno ambalo halimwogopeshi mtu, na sisi tukaenda kwenye kamusi kutafuta "dhahania".

Lakini sitaki kujidanganya kwamba mambo yamekwisha. Kikapu kina kazi. Yule mama alikibebea viazi, na maua yale yangekuwa mabaya viazi vingefika vile vile. Picha yangu haibebi viazi. Imetundikwa ukutani inataka itazamwe na haitoi kitu kingine. Mtu ana haki ya kuuliza. Nafikiri baba alipouliza "hii ni nini" hakuwa anauliza inafanana na nini. Alikuwa anauliza inafanya nini, kama anavyouliza kuhusu spana. Na mimi nilimjibu swali jingine.

Nimefika Soweto jioni, baridi kali, Loleza imejifunika kama kawaida yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekula njiani?"

Nilisubiri mpaka mama akaenda kulala. Picha ilikuwa pale pale juu ya televisheni. Nikamwambia. Nikasema baba, ile siku nilikudanganya, ile si Loleza, na wala haikuwa imelala hivyo, niliichora imesimama.

Akanyamaza. Akanywa chai.

"Najua si Loleza," akasema. "Loleza haina bega upande ule. Nimeitazama tangu mwaka 1976."

"Sasa kwa nini unawaambia wageni?"

"Wasipoambiwa kitu wanatazama televisheni."

Sikuwa na la kujibu. Akakaa kidogo, akaniuliza ilitakiwa isimameje. Nikapanda juu ya kigoda, nikaishusha, nikaigeuza wima na kuishikilia ukutani kwa mikono miwili. Akavaa miwani. Akaitazama muda mrefu kama siku ile ya ukumbini, mpaka mikono ikaanza kuniuma.

"Irudishe," akasema.

Nikairudisha.