Niliyojifunza Nilipokuwa Mtunza Fedha wa Chama

Watu wengi hapa kwetu Kirinyaga wanijua kuwa karani wa kiwanda cha kahawa. Wakati wa mavuno wakulima huleta kahawa yao mbivu, nami huipima kwenye mizani, huandika kilo katika kitabu, na kumpa kila mtu risiti yake. Kwa ajili ya kazi hiyo wenzangu walinichagua mwaka 2014 kuwa mtunza fedha wa chama chetu cha kusaidia watu. Walisema, "Huyu amezoea kuandika haki ya watu, basi hata haki ya maskini ataiandika." Leo nataka kuwaeleza wasomaji jinsi nilivyowakosea wenzangu hao, maana yaliyonipata mimi yaweza kumpata mtu yeyote mwenye nia njema.

Chama chetu kina wanachama 31. Wengi ni wakulima, lakini wamo pia walimu wawili, fundi cherehani, mama mmoja auzaye mayai, na mwenyekiti wetu, mama aliyestaafu kazi ya uuguzi. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi hukutana asubuhi na mapema, tukafanya kazi moja isiyo na malipo. Tumezibua mitaro ya barabara, tumepanda miti penye chemchemi, na tumeezeka upya nyumba za wajane wawili.

Jambo hili si geni. Wazee wetu walikuwa na ngwatio, yaani kulimiana mashamba kwa zamu, na tangu mwaka 1963 nchi nzima imelijua neno Harambee. Hata huko ng'ambo vyama vikubwa vya namna hii vilianza kwa udogo. Mwaka 1905 wakili mmoja wa mji wa Chicago, jina lake Paul Harris, aliwakusanya wenzake watatu, wakawa wakikutana kwa zamu katika ofisi zao, na kwa sababu ya zamu hizo chama chao kikaitwa Rotary. Chama hicho kilifika Nairobi mwaka 1930. Kazi ya kwanza ya wale wa Chicago ya kuwatumikia watu wa mji wao ilikuwa kutafuta vyoo vya watu wote. Niliposoma habari hiyo nilifurahi sana, kwa kuwa kazi ya kwanza ya chama chetu nayo ilikuwa choo cha soko.

Lakini kazi tuipendayo kuliko zote ni ile ya macho. Chama kingine kilichoanzia Chicago, kile cha Lions, kiliombwa mwaka 1925 na Bibi Helen Keller, aliyekuwa kipofu na kiziwi tangu utoto wake, kiwe mtetezi wa vipofu, na tangu hapo wanachama wake wameishika kazi hiyo duniani kote. Sisi hatumo katika chama hicho, walakini tuliona kwamba mfano wao wafaa kufuatwa. Wazee wengi wa vijijini hupoteza macho kwa ugonjwa wa mtoto wa jicho. Kioo kilicho ndani ya jicho huingia ukungu, mwanga usipite. Hakuna dawa ya matone iwezayo kuuondoa ukungu huo. Dawa yake ni kupasuliwa, kioo kibovu kikatolewa na kingine cha kutengenezwa kikatiwa mahali pake. Kazi hiyo mara nyingi haimalizi hata nusu saa, na aghalabu mgonjwa hufunguliwa bandeji kesho yake. Ni jambo la huzuni mtu kukaa gizani miaka mingi kwa ugonjwa unaotibika hivyo.

Basi mwishoni mwa mwaka 2015 tulipata habari kwamba madaktari wa macho watakuja Januari katika hospitali moja iliyo mbali na kwetu, nao watapasua bila malipo tangu Jumatatu hata Ijumaa. Tuliwaandikisha wazee 22. Matibabu yalikuwa ya bure, lakini gari, chakula na mahali pa kulala havikuwa vya bure. Tukaanza kuchanga.

Tulifanya matembezi ya hisani, kila mtembeaji akiahidiwa fedha kwa kila kilomita. Wengine walituma mchango wao kwa simu, kwa M-Pesa. Kisha tukafanya mnada sokoni. Jogoo mmoja aliuzwa mara tano, maana kila aliyemnunua alimrudisha auzwe tena. Bibi mmoja mzee, ambaye mwenyewe alikuwa katika orodha ya wagonjwa, aliongozwa na mjukuu wake hata mezani pangu, akafungua pindo la leso yake, akatoa shilingi 40. Nilimwambia, "Mama, wewe hukupaswa kutoa." Akanijibu, "Niandike." Nikamwandika. Jumla ya fedha zote ilikuwa shilingi 41,700.

Sasa nakuja kwenye kosa langu. Januari hiyo mwanangu wa kwanza aliitwa kuanza shule ya sekondari, na malipo ya kahawa yalikuwa yamechelewa. Sanduku la chama lilikuwa chini ya kitanda changu, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nilitwaa shilingi 12,000. Sikujiambia kwamba naiba. Nilijiambia kwamba nakopa, na kwamba mshahara ukija nitazirudisha kabla mtu hajaziuliza. Walakini sikuandika neno lo lote katika daftari. Mtu anayekopa kwa haki huandika. Mimi sikuandika, na hapo ndipo moyo wangu ulipojua ukweli ambao kinywa kilikuwa kikiukataa.

Tulikuwa tumekubaliana na mwenye basi kwa shilingi 24,000, na chakula na malazi vilikadiriwa kuwa shilingi 15,000. Mwenye basi aliagiza alipwe zote siku nne kabla ya safari, na mshahara wangu ulikuwa haujafika. Sandukuni mlikuwa na shilingi 29,700 tu. Nikawaambia wenzangu kwamba nauli imepanda, nikakodi gari dogo la kutosha wazee 14 pamoja na wasimamizi wao. Wazee wanane wakaachwa. Wenzangu walisikitika, lakini hakuna aliyeomba kuliona daftari. Waliniamini.

Siku ya pili baada ya gari kuondoka, nilipita nyumbani kwa mzee mmoja jirani yangu, mmoja wa wale wanane. Alikuwa ameketi barazani juani, amevaa koti lake la safari. Aliposikia sauti yangu alisema, "Ni wewe, mwanangu? Usisumbuke kwa ajili yangu. Kama gari ni dogo, ni haki waende kwanza walio na nguvu za kulima." Sikuweza kumjibu. Ningalipata nafuu kama angalinitukana.

Jioni ile nilikwenda kwa mwenyekiti nikamweleza yote. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Bwana Karani, mimi siwezi kukusamehe peke yangu, maana fedha si zangu. Kesho utalisoma daftari mbele ya wote." Kesho yake tulikutana katika darasa la shule. Nilisoma kila mchango, jina kwa jina, hata nikafika penye shilingi 40 za yule bibi. Kisha nikasoma mstari niliouandika usiku ule: kwamba mtunza fedha ametwaa shilingi 12,000 bila ruhusa. Fundi cherehani alitaka nipelekwe polisi, nami sikuona kwamba amekosea. Wengi waliamua kwamba kwanza wazee wapelekwe.

Alhamisi asubuhi niliuza mtamba wangu. Ijumaa, siku ya mwisho ya madaktari, gari la pili liliondoka alfajiri na wazee saba. Jirani yangu alikuwamo. Jumamosi alipofunguliwa bandeji aliutazama mkono wake mwenyewe muda mrefu, akiugeuza huku na huku.

Wa nane alikuwa yule bibi wa shilingi 40. Alipoona ameachwa, alikuwa amekwenda kukaa kwa binti yake Nairobi, na hatukuweza kumpata kwa wakati. Alingoja madaktari waliporudi baada ya miezi saba. Katika muda huo binti yake alijifungua mtoto, na bibi akamlea mjukuu huyo kwa kupapasa. Amepona sasa, nami nashukuru. Lakini miezi saba ile siwezi kumrudishia, ijapokuwa zile shilingi 12,000 nimezilipa zote.

Tangu wakati huo chama kimeweka masharti mapya. Sanduku lina kufuli mbili, na funguo zake huwekwa na watu wawili wasio wa ukoo mmoja. Hakuna fedha itokayo bila sahihi tatu. Kila mchango, hata wa shilingi 10, hupewa risiti. Kila mwezi daftari husomwa kwa sauti, na nakala ya hesabu hubandikwa ukutani sokoni. Mtunza fedha hakai zaidi ya miaka miwili. Wa sasa ni yule mama auzaye mayai, na hesabu yake haipotezi hata senti. Mimi nilibakizwa kuwa mwanachama, na kazi yangu siku za safari ni kuwashika wazee mkono wanapopanda na kushuka garini.

Wako watu wasemao kwamba kumdai hesabu mtu ajitoleaye ni kumvunjia heshima. Hapo kwanza hata mimi niliwaza hivyo. Sasa naona kwamba wenzangu wangaliomba daftari siku ile niliposema nauli imepanda, wangaliniokoa mimi na wazee wanane pia. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Tena walisema kwamba kutoa ni moyo, si utajiri. Yafaa maneno hayo mawili yakae pamoja, kwa kuwa mwenye moyo wa kutoa shilingi 40 anastahili kujua zimekwenda wapi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ikiwa wewe ni mwanachama wa chama kama hiki, kanisani, sokoni au kazini, ombeni daftari katika mkutano wenu ujao. Liombeni kwa upole, hata kama mtunza fedha wenu ni mtu mnayempenda. Na ikiwa wewe ndiwe mtunza fedha, usingoje kuombwa.