Hesabu ya Wino

Wino ni mali inayosahauliwa upesi. Mtu akiitazama picha iliyotundikwa ukutani huusifu uso wa aliyepigwa, huusifu mkono wa mpiga picha, na pengine huisifu fremu. Lakini ni nadra kuuliza wino kiasi gani ulitumika. Katika duka la picha, mambo mengine yote hujulikana. Karatasi huonekana na roli yake hupimwa kwa mita. Mshahara hujulikana kila mwisho wa mwezi. Kodi ya chumba haina siri. Wino pekee hutoka kidogo kidogo ndani ya kasha lililofungwa, kwa njia ambazo macho hayazioni, na huisha kabla mwenyewe hajajua ulikokwenda. Nataka kueleza katika insha hii namna wino wa mashine kubwa za kuchapa picha unavyoweza kuhesabiwa, na jinsi hesabu hiyo inavyoweza kumwokoa mtu na fedheha.

Kapkatet ni mji mdogo ulio kando ya njia itokayo Kericho, ikapita Litein na kwenda Sotik. Pande zote umezungukwa na chai. Wachumaji huondoka alfajiri, huchuma majani mawili na chipukizi, na kikapu kikijaa mzigo hupelekwa kituoni kupimwa. Hapa hata mtoto mdogo ajua maana ya mizani. Watu hawa hawa, wapatapo jambo kubwa la furaha au la huzuni, huja mjini kutaka picha kubwa. Maarusi hutaka yao ya sebuleni. Mzazi hutaka ya mwanawe aliyevaa joho la chuo. Na waliofiwa hutaka ya marehemu, iwekwe mbele ya jeneza siku ya mazishi na kutunzwa nyumbani baadaye. Duka nililofanyia kazi ya kuandika hesabu lilikuwa na mashine ya kuchapa picha za namna hii. Ilikuwa na katriji nane: samawati na samawati hafifu, majenta na majenta hafifu, manjano, nyeusi, na kijivu za namna mbili.

Yafaa kwanza kufahamu mashine yenyewe. Chini ya kichwa chake kiendacho huku na huku mna vitundu vingi vidogo mno, na kila kitundu hutupa tone la wino juu ya karatasi pasipo kuigusa. Baadhi ya mashine hulisukuma tone kwa kiungo kinachojipinda kipitishiwapo umeme. Ndiyo njia ya Epson. Nyingine hulisukuma kwa joto. Njia hii ya joto ilianzia katika ajali ndogo: mwaka 1977, katika maabara ya kampuni ya Canon nchini Japani, chuma cha moto cha kulehemu kiligusa sindano ya bomba lenye wino, na wino ukaruka nje. Mtafiti Ichiro Endo alifahamu kwamba joto limezaa povu, na povu limeusukuma wino. Kwa njia yoyote, tone lenyewe ni dogo kupita fikira. Lita moja ikigawanywa sehemu milioni mara milioni, kila sehemu huitwa pikolita. Na tone la mashine ya picha laweza kuwa la pikolita 4 tu. Basi katika mililita moja ya wino mna matone milioni 250.

Mashine haiupimi wino wake kama mpima maziwa. Huhesabu matone iliyoyaamuru, na kwa hesabu hiyo hukadiria kilichobaki katika katriji. Mashine nyingi hutoa pia orodha ya kazi zilizochapwa, na mbele ya kila kazi huandika mililita zilizotumika kwa kila rangi. Orodha hiyo ni msaada mkubwa, ila yahitaji kusomwa kwa uangalifu, kwa kuwa aghalabu huonyesha wino uliokwenda kwenye picha tu. Wino una safari nyingine. Vitundu vikikauka, mashine hujisafisha: pampu huuvuta wino kwa nguvu kupitia vitundu, na wino huo huishia katika tangi la taka. Mashine mpya hunywa wino mwingi ili kujaza mirija yake kabla haijachapa hata picha moja. Na mashine nyingine, kila ibadilishwapo kutoka wino mweusi wa karatasi ya kung'aa kwenda ule wa karatasi isiyong'aa, humwaga sehemu ya wino. Wino wa namna hii haukupamba uso wa mtu, wala haukuibwa.

Kutokulijua jambo hili kulileta taabu katika duka letu. Mwenye duka, mzee aliyelijenga kwa jasho lake, aliona kwamba katriji zinakwisha mapema kuliko zilivyopaswa. Alichukua orodha ya mashine, akajumlisha picha zote, akalinganisha na wino alioununua, akaona pengo kubwa. Mshika mashine alikuwa kijana mmoja aliyemaliza shule miaka michache nyuma, ambaye mama yake alikuwa mchumaji wa chai. Mzee alimwita.

"Wino hauna miguu," alimwambia. "Ulikwenda wapi?"

"Mzee, mimi naweka katriji na kutoa picha," kijana alijibu. "Zaidi ya hapo sijui."

Jibu hilo halikumtosha. Mzee alisema kwamba gharama ya pengo itakatwa katika mshahara, na mwezi ujao atatafuta mtu mwingine. Kijana hakubishana. Aliinamisha kichwa, akarudi kwenye mashine yake. Kila mtu dukani aliona kwamba lililomwuma zaidi ya fedha ni jina. Katika mji mdogo mtu aliyeitwa mwizi kwa mwajiri mmoja hana wa pili wa kumwendea.

Nilimwendea mzee jioni ile nikamwambia, "Mzee, kabla hujamkata, nipe majuma mawili na mizani ya jikoni." Alinitazama kwa muda, kisha akakubali.

Kazi ilikuwa rahisi. Tulizipima katriji zote nane siku ya kwanza, tukaandika uzito wa kila moja. Tulilipima tangi la taka. Kila picha iliyotoka iliandikwa katika daftari: tarehe, aina ya karatasi, ukubwa kwa mita za mraba, na mililita zilizoonyeshwa na mashine. Niliongeza safu moja ambayo mzee aliiona haina maana: saa umeme ulipokatika, na saa uliporudi. Wakaao hapa waijua alasiri ya nchi hii. Upepo wenye unyevu kutoka upande wa Ziwa Victoria hukutana na hewa ya milimani, mawingu hupanda, ngurumo huanza, na mvua ya mawe huyapiga majani ya chai. Maana sehemu hizi za Kericho ni miongoni mwa mahali panaponyeshewa mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Ngurumo zikianza, taa huzimika.

Majuma mawili yalipokwisha tulipima tena. Katriji zilikuwa zimepungua gramu 620. Wino hauna uzito wa kupishana sana na maji, kwa hiyo gramu moja twaweza kuikadiria kuwa mililita moja. Picha zilizochapwa zilifikia mita za mraba 36, nazo zilikuwa zimetumia mililita 410. Pengo likawa 210, karibu theluthi ya wino wote. Lakini tangi la taka lilikuwa limeongezeka gramu 170, na daftari lilionyesha kwamba umeme ulikatika mara tisa, mashine ikiwa kazini. Kila ulipokatika, kichwa cha mashine kilibaki katikati ya njia, mbali na kifuniko chake, na vitundu vikaanza kukauka. Kila uliporudi, mashine ilijisafisha, na baada yake kijana akalazimika kuisafisha mara nyingine ili mistari iondoke kwenye picha.

Mzee alivaa miwani akalisoma daftari ukurasa kwa ukurasa. Kisha aliuliza swali lililostahili kuulizwa. "Na hizi gramu 40 zilizobaki?"

Kijana, ambaye alikuwa kimya muda wote, ndiye aliyejibu. "Mzee, kiwandani huingia kilo 4 na nusu hivi za majani mabichi ndipo itoke kilo moja ya chai kavu. Hakuna asemaye zile nyingine zimeibwa. Ni maji yaliyokwenda. Wino huu pia una maji, na tangi liko wazi."

Mzee alicheka, kicheko cha mtu aliyeshindwa kwa haki. Mshahara ule haukukatwa, wala hakutafutwa mtu mwingine. Fedha iliyokusudiwa kumlipa mgeni ilinunua betri ya akiba, inayoipa mashine dakika za kumaliza picha na kukirudisha kichwa chini ya kifuniko chake. Tangu hapo ngurumo ya kwanza ikisikika kutoka magharibi, picha mpya haianzwi.

Daftari lile lilitufundisha na jambo la pili, nalo ni bei. Tuseme mililita moja ya wino hugharimu shilingi 30. Picha ya marehemu yenye upana wa sentimita 60 na urefu wa sentimita 90 ina eneo la mita za mraba 0.54. Kwa hesabu ya wino ulio juu ya karatasi peke yake, picha hiyo yatumia mililita 6 na kidogo, yaani kama shilingi 185. Lakini tukiugawa wino wote uliotoka katika katriji, pamoja na uliomwagwa, fungu la picha hiyo ni mililita 9 na zaidi, yaani kama shilingi 280. Mwenye duka asiyeijua tofauti hii hupata hasara bila kujua, kisha huwatazama watumishi wake kwa jicho baya. Na yule aijuaye nusu nusu huogopa, akapandisha bei kwa kubahatisha, na anayelipa woga huo ni mjane aliyekuja na fedha za mchango. Bei iliyotoka katika daftari humtendea haki muuzaji na mnunuzi pia.

Wewe msomaji huenda usishike kamwe mashine ya kuchapa picha. Lakini utashika kitu kinachopungua: dawa katika ghala ya zahanati, mafuta katika gari la shule, unga katika jiko la bweni. Kila kinapopungua kuliko ilivyotarajiwa, atatafutwa mtu wa kulaumiwa, na kwa kawaida atapatikana yule aliye karibu na asiye na wa kumtetea. Hapo ndipo hesabu ina kazi. Pima mwanzo na upime mwisho. Andika kilichotumika, na uandike pia kilichomwagika, kwa sababu kilichomwagika kisipoandikwa hugeuka kuwa kilichoibwa. Weka safu ya sababu, hata kama wakubwa wako waiona haina maana. Na pengo likibaki baada ya hayo yote, liulizie bila hasira, kwa maana hata pengo dogo lastahili jibu. Kama yuko mwizi, daftari litamwonyesha. Kama hayuko, litamwacha mtu alale usiku na jina lake zima, nayo ni faida iliyo kubwa kuliko bei ya katriji zote nane.