Uzito wa Nyumba Iliyorowa



Mvua za El Nino za Novemba 2023 zilimkuta dada yangu Vanga. Mto Umba huanzia milima ya Usambara, Tanzania, ukaja kumwagika baharini karibu na mji ule. Kwa hivyo maji yaweza kuingia majumbani Vanga ilhali mvua kubwa imenyesha mbali.

Yalipopungua, nilitoka Msambweni na wanangu kwenda kusaidia kutoa vyombo. Godoro moja la sponji, futi 6 kwa 4, unene inchi 6, lilitutoa jasho watu wanne. Likiwa kavu, kijana mmoja hulibeba kichwani. Usiku nikapiga hesabu: ujazo wake ni kama lita 340, na lita moja ya maji ni kilo moja. Likinywa nusu tu ya ujazo huo, ni kilo 170. Magodoro yalikuwa matano: kilo 850, kabla hatujagusa kabati, mazulia na magunia ya nguo.

Nguo zile nyingi hazikuwa zimevaliwa kwa miaka. Dada yangu aliziangalia, akasema, "Kaka, hizi niliziweka niwape watu." Kisha akanyamaza. Sikuwa na la kumjibu, kwani nami nyumbani nina magunia kama hayo.

Pa kutupa hapakuwa. Tulikokota mkokoteni hadi ukingoni mwa mikoko, na nakiri nilikuwa miongoni mwa waliosukuma. Bamvua lilipofika, bahari ilichukua vipande vya sponji, ikavitundika kwenye mizizi wanamozalia samaki na kaa. Mzigo wetu tukawatwika wavuvi.

Ndugu zangu, mali ikiwa kavu ni sadaka. Ikirowa ni taka. Kabla ya masika, kila mwenye nyumba apite chumba kwa chumba ajiulize: hiki kikinywa maji kitakuwa na uzito gani, nani atakibeba, na atakipeleka wapi? Kisichotumika kitolewe mapema kwa mwenye haja nacho. Hati za shamba na vitambulisho vitiwe katika chombo kisichopenya maji, viwekwe juu. Hivyo ni vyepesi, lakini kuvipata tena ni kazi nzito.

Niliporejea Msambweni nilifungua stoo yangu. Magodoro mawili na magunia matatu yalitoka siku hiyo hiyo. Bado lipo kabati moja ambalo nafsi inalishikilia. Niombeeni.

Wabillahi tawfiq.