Irente, Kwenye Mizizi ya Maharage

Ukiliacha joto la Mombo, kosta inaanza kupanda mlima kona baada ya kona, na kila kona inakupunguzia jasho. Konda haachi kupakia: gunia la vitunguu liko miguuni mwangu, mtoto wa jirani kahamia mapajani, na hakuna anayenung'unika. Soni tunasimama kidogo. Maporomoko yananguruma, plamsi na peasi zinapitishwa dirishani, tunaendelea huku tukitafuna.

Lushoto iko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake inanukia mikaratusi iliyolowa na moshi wa kuni. Sokoni karoti bado zina udongo mwekundu. "Onga maundo," bibi muuza mnavu ananisalimu. Ninapojibu "niwedi," wenzake wanashangilia, na siruhusiwi kuondoka bila kuongezewa fungu la mboga.

Njia ya kwenda ukingo wa Irente ina utelezi wa mvua ya usiku. Akina mama wanapita na ndoo kichwani bila kuyumba. Mimi nashika matawi. Pembeni, matuta ya mboga na maharage yanafuata mbavu za mlima. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia aliitikia hodi yangu: "Karibu mgeni, pumzika." Nikamwomba mche mmoja wa maharage. Akaung'oa taratibu, akaukung'uta. Udongo mwingi ulidondoka, lakini ule laini ulibaki umeng'ang'ania mizizi.

Udongo huo unashikwa na vinyweleo vya mizizi, na kila kinyweleo ni seli moja tu iliyorefuka. Seli hiyo hukua kwenye ncha peke yake. Hapo nchani, kwenye utando wa seli, hukusanyika protini ndogo za jamii ya ROP, na zikiamshwa hufanya kazi mbili kwa pamoja. Hupanga nyuzi za aktini, kiunzi cha ndani ya seli ambacho malighafi ya kujengea ukuta husafiri juu yake. Tena huchochea kimeng'enya kinachozalisha oksijeni kali. Oksijeni hiyo ikizidi huua seli. Ikitolewa kwa kiasi, mahali pake, hufungulia kalisi njia ya kuingia, na ncha ikasonga mbele udongoni. Sijui ufundi mwingine unaonivutia kuliko huu.

Maharage yenyewe ndiyo yaliyotufunza mengi. Mwaka 1998 wanasayansi wa Cuernavaca, Mexico, walionyesha kwamba vinyweleo vya maharage vikipata ishara ya bakteria wa Rhizobium, nyuzi za aktini hujipanga upya. Mwaka 2008 wakaonyesha kwamba oksijeni kali nayo hupanda nchani ndani ya sekunde chache, kisha ikashuka. Bakteria wamepiga hodi, mzizi umeitika. Wakishaingia, vifundo hujengwa, na humo mmea hupata nitrojeni. Mama alinichagulia kifundo kwenye mmea uliokomaa, nikakipasua kwa ukucha: ndani chekundu, dalili kwamba kinafanya kazi.

Mchana akanipakulia makande ya moto, maharage yakiwa mengi kuliko mahindi. Kwenye ukingo wa Irente ukungu ulifunika kila kitu, ukafunguka ghafla, na tambarare za Mazinde zikaonekana chini kabisa zikiwaka jua, ilhali mimi natetemeka kwa baridi.

Nenda maharage yakiwa bado machanga. Chukua sweta na viatu vinavyokamata tope, na kabla hujapiga picha za mandhari, mwombe mkulima mche mmoja uitazame mizizi yake.