Waya za Bluu

Nilijifunza ufundi wa umeme katika nyumba za mbao zilizosimamishwa juu ya lava ya Januari 2002, mjini Goma. Mtaani kwetu chanzo kilikuwa kimoja, shirika la umeme la taifa, SNEL, lenye umeme wa Ruzizi kutoka upande wa Bukavu. Swichi haihitaji nyutro, inakata fezi tu, lakini mabomba ya kupitishia waya yalikuwa ghali, hivyo kisanduku cha swichi kikawa mahali pa kuungia kila kitu. Mkubwa wangu wa kazi alizima disjonkta, yaani swichi ya kukatia umeme, akakusanya waya zote za bluu, ndizo nyutro, akazisokota pamoja, akafunga skochi. Kwa disjonkta moja, kazi ile ilishika.

Desemba 2015 kituo cha Matebe kilizinduliwa Rutshuru, na baadaye umeme wa Virunga ukafika mjini. Mwaka 2020 kampuni ya Nuru ikawasha mtambo wake wa jua Ndosho, wa megawati 1.3. Kashpawa, mita za kulipia kabla, zikapanda ukutani. Wenye uwezo hawakukata waya wa zamani. Waliongeza mpya, ili huu ukizima ule uwake. Na waya mpya zikavutwa ndani ya mabomba yaleyale, hadi visanduku vilevile.

Mama mmoja wa Katindo aliniita: “Fundi, kila nikiwasha taa ya nje, disjonkta inaruka.” Nilipofungua kisanduku nikakuta bluu nne, za vyanzo viwili, zimesokotwa pamoja. Taa ilichukua fezi ya kashpawa, na sehemu ya umeme ikarudi kwa nyutro ya laini ya zamani. Disjonkta ya difarensieli hulinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Tofauti ikifika miliampea 30, inakata. Fundi aliyenitangulia alikuwa amemshauri aiondoe. Hasira ilinipanda. Hapa Goma, kupigilia chuma cha ardhi katika lava ni kazi ngumu, na nyumba nyingi hazina ardhi ya maana. Disjonkta hiyo ndiyo inayobaki kumlinda mtoto mwenye miguu iliyolowa.

Tena, ukizima upande mmoja na kuzitenganisha bluu hizo, umeme wa upande wa pili unakungoja kwenye ncha ya waya. Kanuni ya Ufaransa, NF C 15-100, inataka kila saketi iwe na nyutro yake.

Siku hizi nikiweza naweka visanduku viwili. Ikibidi kimoja, bluu za kila chanzo zinapata domino yake, kiungio cha waya, na skochi ya rangi yake, na nyuma ya kifuniko naandika disjonkta zote mbili za kuzima. Kijana ninayemfundisha anapima kila waya kabla ya kuugusa, hata ule aliouzima mwenyewe.